Habari za Sowina

Neno lililomtia Idarous wasiwasi lilikuwa "Kikwajuni."

Lilitamkwa kwenye kantini ya kiwanda cha koki za shaba, Winson Green, mjini Birmingham, mwezi wa Novemba mwaka 1968. Idarous alikuwa amekaa na Gurmit, Kalasinga aliyefanya naye kazi ya kung'arisha koki, na Gurmit alikuwa amemuuliza kwao ni Afrika ya wapi hasa. Idarous akajibu Zanzibar. Alizoea watu kutikisa kichwa tu wakilisikia jina hilo, au kuuliza kama huko bado kuna karafuu. Mtunza stoo, mzungu wa makamo ambaye kiwanda kizima kilimwita Endi Mjerumani, alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. Akasimama.

"Zanzibar," akasema. "Kikwajuni. Majumba mapya."

Akamtazama Idarous usoni, kisha akaenda zake.

Hakulitamka kama mtu aliyelisoma gazetini. Alilitamka sawasawa, kama mtu aliyefundishwa na mwenyeji. Na ile sauti yake, yenye kubana maneno kooni, Idarous aliijua kwa mwili kabla hajaijua kwa akili. Chai yake ilipoa mezani na hakuinywa.

Miaka mitatu nyuma Idarous alikuwa karani wa forodha bandarini Unguja. Walikuja kumchukua mlangoni kwa mama yake, wakisema anapeleka habari kwa jamaa waliokimbilia nje. Kwenye chumba cha mahojiano waliokuwa wakimuuliza ni vijana wawili ambao zamani alicheza nao mpira. Nyuma yake alikaa mzungu. Idarous hakuruhusiwa kugeuka, na mpaka leo hakuujua uso wake. Alilijua neno lake moja tu. Kila Idarous alipomaliza kueleza alikokuwa, alionana na nani, walisema nini, yule mzungu alisema kwa Kiswahili cha kujifunza, "Tena." Na Idarous akaanza upya tangu mwanzo, huku wakimsubiri akosee. Mambo yakaenda hivyo miezi na miezi. Katikati ya mwaka wa sitini na sita walimwachia bila kesi, na mwezi haukwisha yeye na mkewe Shemsa wakaingia Mombasa, na kutoka Mombasa wakafika Uingereza kwa msaada wa jamaa.

Sasa walipanga kwenye nyumba moja ya mstari wa nyumba za matofali mekundu, ambapo kodi ilikuwa nafuu kwa sababu dirisha la juu lilitazamana na ukuta wa jela kuu ya mji. Idarous alilitia pazia zito dirisha lile siku waliyohamia, na halikufunguliwa tangu siku hiyo.

Jioni ile alimweleza Shemsa.

"Una hakika alisema Kikwajuni?" Shemsa akauliza.

"Kama ninavyokusikia wewe."

"Pengine alikuwa baharia."

"Baharia anaijua Malindi, anaijua Forodhani. Kikwajuni atafuata nini? Huko wanajenga Wajerumani wa Mashariki. Wanajenga majumba, na wengine wanafundisha watu kazi nyingine. Unajua kazi gani."

Shemsa alijua. Kwao alikuwa mwalimu wa jografia. Birmingham alikuwa akipiga pasi mashuka kwenye dobi la hospitali, na mikono yake ilinuka sabuni hata siku za Jumapili. Akafikiri kidogo.

"Muulize kwao wapi," akasema. "Umuulize pole pole, kama mtu anayetaka mazungumzo. Watoto wangu wa darasa la sita nilikuwa nikiwaambia wachore kijiji cha kubuni, wanachora nyumba, wanachora miti, wanachora msikiti. Maji wanayasahau wote. Muulize maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi."

Siku ya pili Idarous alihamisha sahani yake mpaka meza ya mtunza stoo. Yule mzungu alifurahi kuulizwa. Alifurahi kupita kiasi, ndivyo Idarous alivyoona, kama mtu aliyekuwa na majibu tayari mfukoni.

"Mimi si Mjerumani," alianza. "Jina langu si Endi. Mimi Handri. Mimi Msorbi."

Idarous hakuwahi kusikia kabila hilo.

"Hakuna anayelijua," Handri akasema. "Sisi ni watu wachache ndani ya Ujerumani, upande wa mashariki. Lugha yetu inakaribiana na Kipolandi na Kicheki. Nimeishi nchi hii zaidi ya miaka ishirini, wewe ni wa kwanza kuniuliza kijiji chetu kinaitwaje. Kinaitwa Sowina."

Akaanza kukieleza, na chakula chake kikapoa. Sowina iko kwenye mchanga, mchanga mweupe kama wa pwani, ingawa bahari iko mbali sana. Misonobari imeizunguka pande zote, mirefu na myembamba, hata mtu aliyesimama mlangoni haoni mbali isipokuwa juu. Njia ni moja. Nyumba za magogo ziko upande mmoja wa njia, na upande wa pili kuna mabwawa ya samaki yaliyochimbwa na mababu kwa amri ya bwana mwenye msitu. Bwana huyo aliwaruhusu watu wa Sowina kutoboa misonobari iliyo hai na kufuga nyuki ndani yake, wakapanda kwa kamba kurina asali, na kodi yao ikawa nta. Baadaye watu wakaacha nyuki wakachoma visiki kupata lami. Baadaye ikapita reli, lakini gari moshi halikusimama Sowina.

"Na maji?" Idarous akauliza, akijitia kutazama kijiko chake.

"Kijito. Kinatoka kwenye tope la kusini, kinalisha mabwawa, kinakwenda kaskazini."

Jumamosi, Idarous na Shemsa walikwenda maktaba kubwa ya mjini. Shemsa aliomba atlasi ya Ulaya, ile nzito ambayo haitolewi nje, akapitisha kidole kwenye faharasa. Sowina haikuwemo. Akatafuta kwa Z, akatafuta kwa V. Akaufungua ukurasa wa Ujerumani Mashariki akausoma mstari kwa mstari mpaka macho yakamuuma.

"Hakipo," akasema.

Idarous alihisi kitu kilichokaribia furaha. Alikuwa sahihi. Kabila lisilojulikana, kijiji kisichokuwepo.

Tangu siku hiyo akawa anakaa na Handri kila chakula cha mchana, na kila siku alikuwa na swali. Aliuliza leo jambo aliloliuliza wiki iliyopita, kwa mlango mwingine. Mkiwa wadogo mliogelea wapi? Mkirudi nyumbani mlikuwa mkiogelea pamoja na mkondo au kinyume chake? Jua la asubuhi lilikuwa likiingia dirisha gani? Nani alikaa nyumba ya mwisho? Handri alijibu yote. Alieleza jinsi watu wa Hitler walivyokuja kung'oa kibao chenye jina la kijiji na kuweka cha Kijerumani kitupu, na jinsi mwalimu alivyowachapa watoto waliokutwa wakisema Kisorbi uwanjani. Alieleza kwamba yeye alichukuliwa jeshini kwa nguvu, akatekwa Ufaransa, akaletwa Uingereza kwenye kambi ya mateka. Mwaka ule ule vita vilipokwisha, majeshi yalipita katikati ya msitu na nusu ya Sowina ikaungua, na wazazi wake ndani yake. Dada yake akamwandikia asirudi. Siku hizi, alisema, serikali mpya imerudisha jina la Kisorbi kwenye kibao, kwa heshima zote. Na mwaka huo huo ikaleta watu wa kutoboa ardhi msituni, wakakuta makaa ya mawe chini ya mchanga.

Idarous alisikiliza yote huku akitafuta ufa. Mwezi wa Februari akaupata.

"Ulisema kengele ilikuwa ikiwaamsha," akasema. "Jana umesema Sowina haina kanisa."

"Haina. Tulikwenda la kijiji cha jirani."

"Basi kengele inaning'inia wapi?"

Handri alikuwa akipaka siagi mkate wake. "Kwenye nguzo. Nguzo ya mbao katikati ya kijiji, juu ina kipaa. Inapigwa moto ukizuka, au mtu akifa."

"Nieleze."

"Nini?"

"Kuanzia msituni. Mtu akitoka msituni akaja mpaka kwenye nguzo, anapita wapi na wapi. Ulishaniambia. Niambie mara nyingine tena."

Neno hilo la mwisho lilipomtoka, Idarous alilisikia. Alilisema kwa Kiingereza, na Handri hakuwa na njia ya kujua lilikotoka. Lakini lilimtoka kwa sauti ile ile ya chumba cha mahojiano, pole pole, bila hasira, sauti ya mtu mwenye wakati wa kutosha.

Handri akaweka kisu chini.

"Unanihoji," akasema. "Polisi walinihoji nilipokuwa kijana, kwa kuwafundisha watoto nyimbo za kwetu. Waingereza walinihoji kambini. Najua mtu anapohojiwa. Unataka nini kwangu?"

"Umepajuaje Kikwajuni?"

"Kumbe ni hilo." Handri akatazama kushoto na kulia. Gurmit alikuwa meza ya mbali, akicheka na wenzake. "Mtoto wa dada yangu yuko huko. Merchin. Ni fundi umeme, anatia nyaya kwenye yale majumba. Ananiandikia."

"Tangu lini yuko huko?"

"Tangu mwisho wa mwaka wa sitini na sita."

Idarous akapiga hesabu haraka. Yeye alitoka kizuizini katikati ya mwaka ule. Basi Merchin hakuwa yule mzungu wa nyuma yake, kama tarehe ile ilikuwa ya kweli.

"Na siku ile," Handri akaendelea, "uliposema Zanzibar, nilidhani wamekutuma. Serikali yenu na ya kwetu ni marafiki wakubwa. Mimi sikurudi nyumbani, na mtu asiyerudi wanamwandika kwenye orodha yao. Nikasema Kikwajuni nione uso wako utafanya nini."

"Ukaona nini?"

"Mtu aliyeogopa. Waliotumwa hawaogopi." Akafikiri. "Au wanaogopa vizuri zaidi yako."

Siku hiyo ndiyo Handri alimwambia kwamba kwenye ramani za Wajerumani Sowina haiitwi Sowina, ila Eulenwalde. Shemsa alirudi maktaba peke yake, akaomba ramani za kabla ya vita. Alirudi nyumbani na mvua kwenye mtandio.

"Kipo," akasema. "Kidogo kama punje. Mabwawa yamepangwa upande wa pili wa njia, na kijito kinakwenda kaskazini. Kama alivyosema."

"Kuwepo kwa kijiji hakumtoi yeye kwenye shaka."

"Sijasema kunamtoa. Nimesema kipo."

Wiki mbili baadaye Handri alitoa shauri lililomnyima Idarous usingizi. Alikuwa amejua kwamba mama yake Idarous, Bi Mwanamize, alibaki Unguja, na kwamba hawajapata habari zake tangu walipotoka. Barua walizotuma hazikujibiwa hata moja. Alisema Merchin anaweza kwenda kumwangalia. Kutoka Kikwajuni ni mwendo mdogo tu kokote mjini.

"Usilitaje jina la mama yangu," Idarous alimjibu, "wala la mtaa, wala lolote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nyumbani alimweleza Shemsa, akitarajia amuunge mkono. Shemsa aliendelea kuchambua mchele, mpaka ukawa hauna tena kitu cha kuchambuliwa.

Jumamosi iliyofuata alimwambia mumewe anakwenda kwa Rajni, mwenziwe wa kazini, akapanda basi mpaka Erdington, upande wa pili wa mji. Handri alikaa kwenye vyumba viwili nyuma ya barabara ya maduka. Alipofungua mlango na kumwona mwanamke wa Kiislamu amesimama peke yake, alishtuka, akaacha mlango wazi muda wote mgeni alipokuwa ndani. Shemsa alilipenda hilo, na papo hapo akajiuliza kama Handri amelifanya ili ampendeze.

Hakukaa. "Mpwa wako anakula bajia?" akauliza.

"Sijui bajia ni nini."

"Mwambie aende Kisimamajongoo, asubuhi, wakati watu wengi wananunua. Kuna bibi anakaanga bajia mlangoni pake, jirani na duka la mkaa. Bajia za kunde. Anunue, ale, aondoke. Asitaje jina la mtu. Akimkuta bibi huyo yuko hai, akuandikie kwamba bajia ni nzuri. Basi."

"Idarous anajua umekuja?"

"Mimi ni mkwe wa huyo bibi," Shemsa akasema. "Nimekula chakula chake miaka sita."

Handri akaitikia kwa kichwa. Kwenye basi la kurudi, Shemsa alikaa kiti cha nyuma kabisa, akawa anamwangalia vizuri kila aliyepanda.

Merchin hakufuata maagizo. Labda alidhani anatenda wema. Mwezi wa Juni Handri alimvuta Idarous kando ya stoo akamtia mkononi picha. Bi Mwanamize amesimama mlangoni pake, karai la mafuta mbele yake, kanga kichwani. Amekonda. Idarous aliitazama muda mrefu hata msimamizi akamwita. Hakumwambia Handri ahsante.

Alipofika nyumbani aliiweka picha mezani mbele ya mkewe.

"Nani kakupa ruhusa?"

Shemsa alikuwa ameshaichukua, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Yu hai," akasema. "Idarous, yu hai."

"Umewapa mlango wa mama yangu!"

"Mlango wanaujua! Walikutoa wewe kwenye mlango huo huo, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Wanahitaji Shemsa awaonyeshe?"

Idarous akakaa. Baada ya muda wakaitazama pamoja. Shemsa ndiye aliyegundua kwamba mama hakuitazama kamera. Macho yake yalikuwa pembeni, kwa mtu au kitu kilicho nje ya picha.

"Anamtazama nani?" Idarous akauliza.

"Mteja. Mtoto. Paka anayetaka bajia."

"Mama hamtazami paka hivyo."

Idarous akaomba kubadilishiwa zamu kiwandani. Kwa miaka miwili hakukaa tena meza moja na Handri, na wakikutana mlangoni waliamkiana kama watu wa kupitana. Habari za Handri alizipata kwa Gurmit. Gurmit alimwambia kwamba kijiji cha Endi kinabomolewa kuchimbwa makaa, kwamba makaburi yanahamishwa, kwamba Endi ameomba viza akawazike upya wazazi wake na amenyimwa. Idarous alimhurumia kwa dakika moja. Kisha akajiuliza kama kweli aliomba.

Mwaka 1971 alifika Mwadini, mtoto wa mama yake mdogo Idarous, aliyepitia Dar es Salaam. Walimpokea kwa pilau, na kabla hajamaliza sahani Idarous akamuuliza kuhusu mzungu mwenye kamera.

Mwadini akaacha kutafuna. "Nyinyi mmejuaje?"

"We sema."

"Siku ya pili yake walikuja wawili. Wakamchukua mama mkubwa asubuhi, wakamweka mpaka alaasiri. Wanamuuliza mzungu alifuata nini. Anasema, bajia. Wanamuuliza alikwambia nini, anasema, alisema bajia. Wakachoka wao. Lakini karai walichukua, wakampiga marufuku asiuze mlangoni. Nusu mwaka alikula kwa majirani."

Shemsa akainuka akaenda jikoni. Walisikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika bure.

"Na yule mzungu?" Idarous akauliza.

"Hakuonekana tena. Wengine walisema kapandishwa ndege wiki ile ile, kapelekwa kwao. Wengine wakasema yeye ndiye aliyewaita hao wawili."

"Wewe unasema nini?"

"Mimi sikuwepo, kaka."

Jumapili Idarous alikwenda Erdington. Handri alikuwa amezeeka kwa miaka ile miwili. Alimkaribisha, akaweka birika jikoni, na Idarous akamweleza yote akiwa amesimama. Handri hakushangaa.

"Ulijua," Idarous akasema.

"Ya mama yako sikuyajua. Ya Merchin nilijua. Walimrudisha nyumbani kwa kosa la kwenda kwa wananchi bila ruhusa. Dada yangu aliniandikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umehama zamu," Handri akasema. "Na ningekuambia, ungesema ndivyo ulivyonidhania tangu mwanzo."

Birika likaanza kulia. Handri akalitoa motoni, akasahau kumimina.

"Unajua wamempa kazi gani? Kwenye machimbo. Ile mashine inayochota mchanga juu ya makaa, kubwa kuliko mtaa huu, inakwenda kwa umeme. Inataka mafundi. Merchin yumo kwenye zamu ya mashine iliyoila Sowina. Nyumba ya babu yake, mabwawa, vyote. Mwezi wa Aprili vimekwisha."

Idarous akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Yeye ndiye aliyewaita wale watu kwa mama yangu?"

"Nikikwambia hapana, utaamini?"

Idarous akatafuta jibu la kweli. "Nusu."

"Na mimi nusu," Handri akasema. "Ni mtoto wa dada yangu, na naamini nusu. Hawa watu ndivyo wanavyotufanya."

Hawakupeana mkono wakati wa kuagana, lakini Jumatatu Idarous aliomba arudishwe zamu ya zamani.

Bi Mwanamize aliruhusiwa kutoka Unguja mwaka 1974. Alifika Birmingham mwezi wa Mei akasema ni baridi kama Julai ya kwao iliyoingiwa na jini, na siku ya tatu, Shemsa alipokwisha kumweleza yote, akauliza yuko wapi mjomba wa yule kijana wa bajia.

"Wa nini, mama?" Idarous akasema. "Kwa ajili yao ulifungwa."

"Nilifungwa kutwa moja. Wewe ulifungwa mwaka, na mjomba wake hakuwepo."

Basi Handri akaja, amevaa tai. Bi Mwanamize alimkaangia bajia na kumwekea kiti, mwenyewe akakaa chini kwenye zulia, na Shemsa akawa katikati akitafsiri. Bibi alieleza habari za Merchin kama anayemsifu mtoto wa jirani: kijana mwembamba, mwenye haya, masikio yameungua na jua, aliyekula bajia wima kwa sababu hakujua kukaa kibarazani.

"Alisema Kiswahili?" Idarous akauliza.

"Shikamoo, bajia, na picha. Maneno yake ndiyo hayo."

"Hakusema 'tena'?"

"Kwani aliongeza? Alikula sahani moja tu." Bibi akamgeukia Handri. "Muulizeni, kijana ana mke sasa?"

Shemsa akatafsiri. Handri akaweka kikombe chake chini, akakizungusha kwenye kisahani.

"Sijui," akajibu. Kisha akazungumza mambo ya hali ya hewa.

Idarous alimsindikiza mpaka kituo cha basi. Walipofika, Handri akauliza, "Mama yako kwa nini ameuliza mambo ya mke?"

"Kina mama wa kwetu wanamuuliza hivyo kila mtu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Handri alipanda basi, akakaa dirishani, akawa anamtazama Idarous mpaka basi likakata kona.

Idarous alirudi nyumbani akamkuta mama yake anakunja mtandio. Akamuuliza swali lile lile la mke.

"Nilitaka kujua kama yu hai," Bi Mwanamize akasema. "Mjomba mtu anajua kama mpwa wake kaoa au hakuoa. Asipojua, basi habari zimekatika. Yule mzee hapati barua, naye hajamwambia mtu. Nyinyi mnafanya naye kazi kila siku, hamkumwuliza?"

Miaka yote ile Idarous alikuwa amemuuliza Handri kuhusu kijito, na mabwawa, na kengele, na upande linakochomoza jua. Juu ya Merchin alikuwa ameuliza maswali ya tarehe tu.

Jumatatu, wakati wa chakula, alimkuta Handri peke yake mezani. Akaweka sahani yake, akavuta kiti.

"Merchin alikuandikia lini mara ya mwisho?" akauliza.

Handri akainua macho. Alimtazama kwa muda mrefu, kama siku ile ya kwanza, akipima.

"Kwa nini unataka kujua?"

"Nataka kujua tu."

Handri akatazama kushoto na kulia, akausogeza mkate wake kando, na pole pole akaanza kumweleza.